Kila Jumapili ukweni, kila mwezi pesa za ndugu: mimi nabaki na nini?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 34, nimeolewa mwaka wa saba sasa na tuna watoto wawili. Mimi ndiye kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Tangu nianze kazi, kila jambo la nyumbani linaanzia kwangu: ada ya mdogo wetu wa mwisho, dawa za mama, paa likivuja, mpaka simu ya binamu ikivunjika. Sijawahi kujua mapema mwezi huu nitatuma kiasi gani. Mdogo wangu wa kiume alikuja kwetu kwa wiki mbili akitafuta kazi. Huu ni mwezi wa kumi na tisa.

Upande wa mume wangu, kila Jumapili lazima tuwe ukweni. Tunafika kabla ya chakula cha mchana na kuondoka giza limeshaingia. Sisemi kwamba wakwe zangu ni wabaya. Mama mkwe alinipokea vizuri na watoto wanampenda sana. Lakini mkamwana pale ni mimi peke yangu, kwa hiyo naingia jikoni nikifika na natoka wakati wa kuaga. Nikirudi nafua na kupiga pasi sare za shule hadi saa sita usiku, na saa kumi na moja alfajiri niko macho.

Nimebakiza mtihani mmoja wa uhasibu nipate cheti changu. Nimeuahirisha mara tatu. Mwezi uliopita nilimwambia mume wangu nataka Jumapili mbili kwa mwezi nibaki nyumbani nisome. Tulikuwa ndani ya gari tukitoka kwao. Akanijibu, "Sisi ndivyo tulivyolelewa. Ukitaka kuishi kivyako, sema." Tangu siku hiyo tunaongea habari za watoto tu. Juzi simu iliita, nikaona jina la mama yangu mzazi, nikaigeuza kifudifudi mezani mpaka ikanyamaza. Roho inanisuta hadi leo.

Nifanye nini nisiwatupe watu wangu, nisivunje nyumba yangu, na mimi mwenyewe nipate nafasi ya kuishi?

Dada Mkubwa

*

Marahaba, mwanangu.

Mpigie mama yako leo, umsalimie tu, halafu jambo hilo liishe. Aliyegeuza ile simu ni mtu anayepata usingizi wa saa tano tu na ambaye kila simu ya nyumbani humjia na bili. Si kwamba umeacha kumpenda.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na sioni mahali unapokataa wajibu. Unalalamikia wajibu usio na kipimo. Hakuna aliyewahi kukaa chini akasema pesa ngapi zinatosha, Jumapili ngapi zinatosha, au mdogo wako akae hadi lini. Na jambo lisilo na kiasi haliwezi kutimizwa: ukitoa kumi unaona ungetoa kumi na tano, ukienda mara tatu unahesabiwa ile ya nne uliyokosa. Kwa hiyo hatutajadili kama ufuate utamaduni au ufuate moyo wako. Kazi yetu ni kuupa kila wajibu ukubwa wake, tarehe yake na mtu wake.

Kabla ya lolote, lala. Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi, na wewe huzipati. Ukianza mazungumzo mazito katika hali hiyo utalia au utafoka, na hoja yako itapotea. Wiki hii chagua kazi mbili za usiku uziondoe. Sare za shule zifuliwe Ijumaa jioni, na mdogo wako ndiye azipige pasi. Ana mikono, na anakula hapo.

Kisha chukua daftari, uandike kwa wiki nne mfululizo. Nasema nne kwa sababu zinameza mshahara mmoja na Jumapili zote za mwezi. Ukiandika wiki moja utapata picha ya wiki nzuri au ya wiki mbaya tu. Kila ulipotoa pesa au saa zako, andika nani aliomba, kwa sababu gani, kiasi gani, na ulijulishwa siku ngapi kabla. Pembeni weka alama moja kati ya tatu: nilitoa kwa moyo, nilitoa kwa mazoea, nilitoa kwa hofu. Watu wengi hukosea hapa kwa kuandika pesa kubwa peke yake, ilhali zile ndogo za kila siku mbili, pamoja na makato ya kutuma, ndizo zinazokausha mfuko. Andika pia vile ulivyojitolea bila kuombwa, maana kifungua mimba ana tabia ya kuziba pengo kabla halijaonekana, kisha analaumu wasioliona. Na usiandike neno la kumdhalilisha mtu, kwa kuwa daftari hilo mume wako atalisoma.

Wiki ya nne ikiisha, chukua kila kilichobeba alama ya hofu ukiulize hivi: nikiacha, nani ataumia kweli, na nani atakasirika tu? Mama akikosa dawa ataumia. Binamu akikosa simu atakasirika. Halafu uliza kama jambo lenyewe ni mila au ni mazoea yaliyojijenga kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza. Kuwaheshimu wakwe na kuwatembelea ni mila, na hiyo usiiguse. Wewe peke yako kuosha vyombo vya watu kumi kila Jumapili ni mazoea. Ukivichanganya hivi viwili, mume wako atasikia unashambulia kwao, na hapo ataacha kukusikiliza. Naamini ndicho kilichotokea ndani ya gari.

Tukae hapo kwenye gari kidogo. Ulianza mazungumzo mkitoka kwa mama yake, yeye ana furaha ya nyumbani kwao na wewe una uchovu wa jikoni, watoto nyuma wanasikia, na hakuna anayeweza kuondoka. Hata ombi dogo pale lingegeuka lawama. Mtafiti wa ndoa John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo mingi, aliona kwamba dakika tatu za kwanza za mabishano hutabiri kwa kiasi kikubwa yatakavyoisha. Kwa hiyo panga mwanzo. Jana yake mwambie: "Kesho watoto wakilala, naomba dakika arobaini tuzungumze kuhusu Jumapili." Taja jambo moja tu, kwa jina. Ukisema "tuna mambo ya kuzungumza" atalala akijiandaa kwa vita. Isiwe Jumapili usiku, isiwe kitandani, wala isiwe siku mdogo wako yuko sebuleni.

Maneno yako ya kwanza yawe na vitu vinne kwa mpangilio huu: kilichotokea, unavyojisikia, unachohitaji, unachoomba. Ukisema "Kwenu mnanifanya mtumishi," hakuna kilichobaki cha kujadili. Jaribu hivi: "Mwezi huu Jumapili zote nne nimekuwa jikoni kwa mama kwa karibu saa sita kila mara. Narudi nimechoka na moyo umejaa kinyongo, na sitaki kinyongo na watu wa kwenu. Nahitaji muda wa kusoma mpaka mtihani upite. Naomba tupange Jumapili upya kwa miezi mitatu, tuone." Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu, lakini usiujaze kwa kujitetea.

Baada ya hapo muulize kitu ambacho pengine hujawahi kumuuliza: kwake yeye, ile Jumapili ni nini? Huenda ana hofu kwamba baba yake anazeeka na siku zimebaki chache. Huenda ameahidi jambo. Huenda anaogopa kuitwa mwanamume anayetawaliwa na mkewe. Kila moja ya hofu hizo ina dawa yake, na huwezi kuipa dawa usiyoijua. Mkiona sauti zinapanda na moyo unakwenda mbio, simamisheni kwa dakika ishirini au zaidi, kwa kuwa mwili huchukua muda huo kutulia, ila anayeomba kusimama ndiye aseme saa ya kurudi. Kuondoka bila kutaja saa ya kurudi huonekana ni kususa.

Usitarajie abadilike awe mtu asiyejali kwao. Gottman huyohuyo aliona kwamba takriban asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa haimaliziki kabisa, kwa sababu inatokana na tofauti za tabia na za namna ya kuishi. Wanaoishi vizuri wanajifunza kuibeba bila kuumizana. Unachotafuta ni makubaliano mawili au matatu, yaandikwe, yapewe miezi mitatu. Neno "majaribio" hulainisha mengi, maana hakuna anayehisi ameshindwa milele.

Mpango wa Jumapili ambao ningeuanzia ni huu: mbili kwa mwezi mnakwenda siku nzima kama zamani. Ya tatu mnapita kwa saa mbili, mnasalimia na kuondoka. Ya nne wewe unabaki, mume na watoto wakienda au wakikaa, wachague wao. Siku unayobaki, mpigie mama mkwe asubuhi kabla yeye hajauliza uko wapi. Siku unazokwenda, fika mapema na ukae naye sebuleni nusu saa kabla ya kuingia jikoni. Mkamwana anayeonekana mgongo tu mbele ya jiko huhesabiwa hayupo, hata awepo kila wiki.

Atakayemwambia mama mkwe ni mwanawe. Hili halina mjadala: kila mmoja apeleke habari ngumu kwa damu yake, kwa sababu mama humsamehe mtoto wake kwa haraka kuliko anavyomsamehe mke wa mtoto. Amwambie ana kwa ana, kabla mabadiliko hayajaanza, na aseme "tumeamua". Akisema "mke wangu amechoka" au "anataka kusoma", atakuwa amekuweka wewe kizimbani yeye akabaki mtoto mwema. Fanyeni mazoezi ya sentensi hiyo nyumbani kama inabidi. Na kuhusu vyombo, usitoe hotuba. Mume wako asimame wa kwanza kukusanya sahani, alete watoto wakubwa wa ukoo nyuma yake. Wiki ya kwanza watamcheka, ya tatu watazoea.

Pesa sasa, ambako naona ndiko unakovuja zaidi. Kaeni wawili mtoe kwanza gharama za nyumba yenu, madeni, ada za watoto na akiba. Katika kinachobaki mkate fungu moja la ndugu wa pande zote mbili. Asilimia 10 ya mapato yenu baada ya makato ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo. Wenye mzigo mdogo huweza zaidi, wenye madeni huanza na 5. Fungu hilo ligawe mara mbili. Kama sita katika kila kumi ziende kwa wazazi wa pande zote, kiasi kilekile, tarehe ileile kila mwezi. Nne zilizobaki zikae kama mfuko wa dharura za ukoo. Andikeni mapema dharura ni nini: ugonjwa, msiba, mtu kukosa pa kulala. Mtaji wa biashara si dharura, sherehe si dharura, simu si dharura. Mfuko ukiisha mwezi huu, umeisha, na jibu linakuwa la mfuko, halitoki rohoni mwako.

Kama daftari litaonyesha kwamba sasa unatoa asilimia 30, usishuke ghafla hadi 10. Watu wamepanga maisha yao juu ya pesa yako. Tangaza mapema, kisha punguza kidogo kidogo kwa miezi minne, na cha wazazi kiwe cha mwisho kuguswa. Kwa mama, tarehe ya uhakika huweza kuwa na faida kuliko kiasi kikubwa kisichotabirika: anajua dawa zitanunuliwa lini, na wewe simu yake inarudi kuwa simu ya mama. Kila mmoja wenu wawili abaki pia na kiasi kidogo cha kwake asichoulizwa. Bila hicho, watu huanza kusaidia ndugu kwa siri, na siri ikigundulika hakuna anayejadili tena kiasi, inajadiliwa imani.

Mko watano. Ita kikao cha ndugu bila wazazi, hata kwa simu. Mchango usiwe sawa kwa sawa, uwe kwa uwezo, na asiye na pesa atoe muda: ampeleke mama kliniki, asimamie fundi wa paa. Mtego wa kifungua mimba unakuja mwezi wa pili, mmoja akishindwa kutoa. Utataka kujazia kimyakimya. Usijazie, isipokuwa ni dawa. Sema kwenye kundi: "Mwezi huu imepungua sehemu ya fulani, tunafanyaje?" Ukijazia mara mbili, wote watakuwa wameelewa kwamba kikao kilikuwa maneno tu.

Mdogo wako apewe tarehe. Miezi mitatu kuanzia siku mtakayoongea, na umwambie wewe, si shemeji yake. Katika miezi hiyo awe na kazi zake za nyumba zinazojulikana, na kila Jumamosi muongee dakika kumi ametafuta wapi. Mwezi wa pili ukiisha, mkumbushe. Akipata kibarua kidogo, aanze kuchangia hata kama ni kidogo mno. Kumwacha akae bila mwisho kunamharibu yeye kuliko kunavyokuumiza wewe.

Kwa maombi ya papo kwa papo, jizoeze sentensi moja: "Nimekusikia, nitakujibu kesho jioni." Na ujibu kweli kesho jioni, kwa sababu ukipotea watakufuata kwa mama. Ukikataa, kataa kwa maneno machache: "Mwezi huu sitaweza. Nakuombea lipatikane." Usirundike sababu. Ukisema huna kwa kuwa umelipa ada, utaambiwa ada ingesubiri, na mjadala umeanza upya. Kama kuna kitu unachoweza kutoa kwa moyo, kitaje palepale, hata kikiwa ni barua ya maombi ya kazi utakayomsaidia kuandika.

Jiandae kwa wiki za mwanzo. Watu waliozoea ndiyo yako watasukuma zaidi kabla hawajazoea mpangilio mpya: wifi atauliza mbona siku hizi mnaringa, shangazi wa upande wenu atapiga simu, mtu atatoa machozi. Hiyo haimaanishi mmekosea. Kipindi hicho ndicho wengi hurudi nyuma, na ukirudi nyuma wiki ya tatu umewafundisha kwamba kusukuma wiki tatu kunatosha. Baki na kiasi kilekile, ila ongeza ukarimu katika vitu visivyo na gharama: salamu, kuulizia hali, kukumbuka siku ya kliniki. Mkiona presha imezidi ukweni, tafuteni mkubwa mmoja ambaye mama mkwe humsikiliza. Mwendeeni nyote wawili mkiwa na mpango mkononi. Mkimpelekea malalamiko atawapatanisha kwa kuwarudisha mlikotoka.

Mtihani wako uwe na saa kama kazi nyingine. Jioni mbili kwa wiki, dakika 90 kila moja, na saa tatu ile Jumapili ya kubaki. Kwa miezi mitatu unapata zaidi ya saa arobaini, ambazo kwa mtihani mmoja uliobaki ni nyingi. Usisomee chumbani wala mezani pa chakula; hata maktaba au ofisini baada ya kazi ni bora. Mume ashike watoto jioni hizo, na asiwe "anakusaidia": ni zamu yake. Jisajili mapema na ulipe ada ya mtihani kabla hujaanza kusoma, kwa sababu tarehe iliyolipiwa ni ngumu kuahirisha, na umeshaahirisha mara tatu.

Mambo mawili ya kuangalia. Kama huzuni, kukosa usingizi hata unapopata nafasi ya kulala, au kukosa hamu ya kila kitu vitakaa nawe siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi, nenda kwa mhudumu wa afya umweleze hivyohivyo. Na kama mazungumzo na mume wako yataleta vitisho, kipigo, au kunyang'anywa mshahara wako, achana na haya yote niliyokuandikia kuhusu kuzungumza naye. Hapo kinachotangulia ni usalama wako na wa watoto: nyaraka zako mahali salama, mtu mmoja unayemwamini ajue, na msaada utafutwe nje ya nyumba. Sioni dalili hiyo katika barua yako, lakini wasomaji wengine wataisoma pia.

Miezi mitatu ikitimia, fungueni daftari tena, muandike wiki nne nyingine, na safari hii mume wako aandike lake. Linganisheni alama za hofu. Zikipungua kwa nusu, endeleeni. Zisipopungua, angalieni ni jambo gani moja linalobeba nyingi, mlishughulikie hilo peke yake. Na kama hata kukaa chini kwa dakika arobaini atakataa mara ya pili na ya tatu, nenda kwa mshauri wa ndoa peke yako usimsubiri. Mara nyingi wa pili hufuata akiona wa kwanza amerudi ametulia.

Shangazi